Nililaumu Pilipili Miaka Sita

Desemba ikiingia, fundi cherehani hana usiku. Sare za shule zinatakiwa kabla ya Januari, na mzazi aliyekaa kimya tangu Septemba anakutokea tarehe 28 na vitambaa vya watoto watatu, anataka vyote kesho kutwa. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita usiku, mgongo umekunjika kama ndoana. Pembeni, juu ya kopo la vifungo, kulikuwa na kibahasha cha karatasi chenye vidonge vya diklofenaki. Kimoja asubuhi kwa chai ya rangi, kimoja mchana, na usiku ukirefuka, viwili.

Sikuviita dawa hata siku moja. Niliviita "vya mgongo". Kwenye duka la dawa lililo chini ya mlima sikuhitaji hata kufungua mdomo. Yule dada akiniona tu nateremka ngazi za mawe, alikuwa keshaanza kuhesabu.

Sisi tunakaa mlimani, hapa Mwanza, kwenye ile mitaa ambayo nyumba zimepandishwa juu ya majabali kana kwamba zimegandishwa kwa gundi. Mgeni akipita barabarani hupiga picha. Hajui kwamba kila ndoo ya maji iliyoko kule juu ilipanda kichwani mwa mtu, na kwamba kuchimba choo kwenye jabali ni kazi ya wiki nzima inayoishia kwenye shimo la kina cha kiuno. Nitarudi huko.

Tumbo lilianza kama mzaha. Hapa chini ya kifua, katikati, palikuwa panawaka, hasa usiku wa manane na nikiwa na njaa. Nikila panatulia, baada ya saa mbili panaanza upya. Nilibeua uchachu, na matonge matatu ya ugali yalitosha kunijaza tumbo kama ngoma. Siku nilipoungua sana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekula sato wa kukaanga na kachumbari yenye pilipili mbuzi, basi hukumu ikatoka siku hiyohiyo: pilipili. Nikaiacha. Tumbo likaendelea. Nikaacha na maharage, kisha machungwa, kisha nyanya, mpaka nikabaki nakula ugali kwa maziwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Mtaani kila mtu ni daktari wa tumbo. Jirani wa kushoto alisema juisi ya kabichi mbichi kabla ya kupiga mswaki. Wa kulia alisema karanga mbichi, tafuna ukiwa njiani. Wifi yangu aliniletea magadi ya kukoroga kwenye maji, yakate gesi, na kweli yaliikata, kwa nusu saa. Maziwa nayo yanapoza yakiwa yanapita, halafu yenyewe yanaliamsha tumbo limwage asidi zaidi. Hilo nililijua baadaye sana, nikiwa nimeshawamaliza ng'ombe wa watu. Mama mkwe, Msukuma wa zamani, alisema hiyo ni nzoka, nyoka wa tumboni anayezunguka akitafuta pa kulala, akanichemshia mizizi michungu. Shemeji yangu aliyesoma akasema ni mawazo. Hili la mawazo lilinikaa kuliko yote kwa sababu lilikuwa na heshima ndani yake. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini, ada ya pacha wetu ilikuwa inadaiwa. Nikiambiwa tumbo langu linauma kwa mawazo nilijiona mama anayewajibika.

Hakuna aliyeuliza kuhusu vile vya mgongo. Hata mimi sikujiuliza.

Mwaka wa tatu nilikwenda kupima kwenye maabara ndogo mjini. Tone la damu kidoleni, dakika chache, karatasi ikarudi imeandikwa H. pylori, chanya. "Mama, una bakteria wa vidonda vya tumbo," kijana akaniambia, na nikatoka na mfuko: omeprazoli ya kupunguza asidi, na antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromisini, asubuhi na jioni, siku 14. Kufika siku ya tatu mdomo ulikuwa na ladha kama nimenyonya sarafu usiku kucha. Siku ya tano moto ulikuwa umezimika kabisa. Siku ya sita nikasahau kwa makusudi. Vilivyobaki nikampa wifi, maana naye tumbo lilikuwa linamsumbua. Tukajiona tumegawana riziki.

Miezi miwili baadaye moto ukarudi. Nikapima tena damu, chanya. Nikanunua dozi nyingine, nayo sikuimaliza. Mwaka uliofuata hivyohivyo. Ukizijumlisha fedha zile, zingeninunulia cherehani ya pili. Kumbe kipimo kile cha damu hutafuta kingamwili, yaani alama ya vita, na vita vikiisha alama inaweza kukaa miezi mingi, hata miaka. Sikuwa na njia ya kujua kama nilikuwa natibu ugonjwa au kumbukumbu yake. Na kila nilipokatisha dozi nilikuwa nawaua bakteria wanyonge, nikiwaachia uwanja wale wabishi. Klarithromisini yenyewe imeshazoeleka kwa bakteria hao mahali pengi duniani, na sisi tunaonunua antibiotiki kwa rejareja, vidonge vinne vinne, tunachangia.

Mwaka wa sita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa Mwaloni kule Kirumba, nimeinama nachagua dagaa. Dunia ikageuka. Kwa siku tatu nilikuwa napata choo cheusi kama lami, kinachonata, chenye harufu ambayo sitaielezea hapa. Nilijisemea ni kisamvu. Wauza dagaa wakanikalisha juu ya kreti, wakanipepea na kanga, na mmoja wao, mama mtu mzima, akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu na wapagazi: "Mwanangu, choo chako kina rangi gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamnong'oneza. Hakusubiri nimalize, aliita bajaji na kupanda nami. Njiani aliniambia mumewe alianza hivyohivyo, akalala kupumzika, hakuamka.

Hospitali waliniongezea damu chupa mbili. Kesho yake wakanipeleka kwenye kile ambacho huku mtaani tunakiita kumeza mpira. Nilikuwa nimesikia hadithi zake nyingi, zote za kutisha na zote za watu ambao hawajawahi kuumeza. Ilikuwa hivi: usiku hukula, asubuhi wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, unalalia ubavu wa kushoto, unang'ata kidude cha plastiki, na mpira mwembamba wenye kamera unateremka. Unataka kutapika, machozi yanatoka, na kabla hujamaliza kuwalaani watu wote wa kizazi chako, umekwisha. Kwenye kioo nilikiona kidonda changu, mwanzoni mwa utumbo mwembamba, chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Nimeshona vifungo vya namna hiyo maelfu. Daktari alinyofoa vipande vidogo vya ngozi ya tumbo, kimoja akakiweka kwenye kitu cha rangi ya njano, na nilipokuwa nimeshakaa nikifuta mate, ile njano ilikuwa inageuka waridi.

Alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinionyesha ile rangi. Bakteria huyu, akasema, anaishi mahali ambapo asidi ingeua karibu kila kitu, kwa hiyo ana ujanja: anatengeneza kimeng'enya cha kuvunja urea, inatoka amonia, ile inayonuka chooni, na amonia hiyo inapooza asidi pale alipo. Hiyo ndiyo inayobadilisha rangi. Umbo lake limejisokota, na ana vimkia vya kuogelea, hivyo anajipenyeza chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo na kukaa humo. Nilimfikiria mama mkwe na nzoka wake. Mizizi yake haikunisaidia kitu, lakini kwenye umbo la mgeni hakuwa mbali.

"Mama, unatumia dawa gani nyumbani?"

"Situmii dawa yoyote, daktari."

"Ya mgongo? Ya kichwa? Ya hedhi?"

Nikanyamaza. "Hizo nazo ni dawa?"

Hakucheka, na ninamshukuru hadi leo. Alinieleza kwamba mwili hutengeneza kemikali ambazo zikiwa mgongoni huleta uvimbe na maumivu, lakini tumboni kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazoliambia tumbo litoe ute wa kujilinda na asidi yake lenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni hazichagui mahali. Zinazizima kote. Kumeza na chakula husaidia kidogo tu, maana hata dawa ikishaingia kwenye damu inaendelea na kazi hiyo. Bakteria peke yake anaweza kukutoboa kidonda, vidonge peke yake vinaweza. Vikikutana kwa mtu mmoja, hatari inapanda mno. Mimi nilivikutanisha kila siku kwa miaka, juu ya chai ya rangi, tumbo tupu.

Nikamuuliza kuhusu pilipili. Akasema inaweza kumuunguza mtu ambaye tayari ana kidonda, ila kukianzisha, hapana. Na mawazo? Yanaweza kuzidisha maumivu. Kisha akaniambia kitu kilichonifariji, kwamba hata madaktari walikuwa wanasema kama sisi. Vitabu vyao viliandika asidi, mawazo na mtindo wa maisha, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakamwona huyu bakteria mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu wasiwaamini. Marshall mwaka 1984 akakoroga bakteria hao kwenye kikombe akawanywa. Baada ya siku chache alikuwa anatapika na tumbo lake limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo shemeji yangu msomi hakuwa mjinga. Alichelewa kusoma toleo jipya.

Lakini nilichotaka kujua mimi ni nani aliyeniambukiza. Kila mgonjwa anataka jina. Nilikuwa nimeshamshuku mama lishe wa pale stendi. Daktari hakunipa jina, alinirudisha utotoni: Mlikuwa wangapi nyumbani? Mlilalaje? Maji mliyatoa wapi? Choo kilikuwaje? Kwa kawaida bakteria huyu hupatikana mtu akiwa mdogo, kutoka kwa walio karibu naye kabisa, kupitia mate, matapishi au kinyesi, na akishaingia asipotibiwa hukaa miaka yote. Karibu nusu ya watu duniani wamekadiriwa kuwa naye, na kwetu Afrika ni wengi zaidi. Wengi hawajui, na hawataumwa.

Tulikuwa tisa, vyumba viwili, mlima huuhuu. Watoto watano tulilala kwenye godoro moja, kichwa kwa miguu. Mtungi wa maji ya kunywa ulikaa pembeni ya mlango, na juu ya kifuniko chake kikombe kimoja cha bati chenye ua jekundu. Kila mtu alichota, akanywa, akakirudisha. Kabla ya kula, beseni moja la kunawia lilizunguka: baba kwanza, wageni, mama, halafu sisi kwa umri, na likifika kwa mdogo wa mwisho maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mikono hiyo ndiyo iliyoingia kwenye sinia moja. Mdogo wetu alipoanza kula, bibi alikuwa anamtafunia viazi na michembe kwanza, kisha anamtia mdomoni kwa kidole. Ninamwona mpaka sasa, taratibu, kwa upendo. Hakuna mchafu kwenye picha hii. Mama alikuwa anafagia uwanja mara mbili kwa siku. Lakini ndoo ya maji ilikuwa na bei ya shingo ya mtu, hivyo maji ya kunawa yalitumika mpaka yakataliwe na macho.

Niliandikiwa dozi ya siku 14 na nikaimaliza, ladha ya sarafu na yote, mtoto mmoja akiniwekea alama ukutani kwa chaki. Omeprazoli niliendelea nayo kwa muda ili kidonda kifunge. Mgongo tuliutafutia njia nyingine: parasetamoli siku mbaya, kiti chenye egemeo, na kusimama kila nikimaliza nguo moja. Nilitaka kuwabeba pacha wote wawili nao wakapimwe. Daktari akanizuia, kwa watoto wasio na dalili, alisema, kuna faida ndogo kuliko hasara ya kuwalisha antibiotiki mbili.

Miaka miwili baada ya hapo mkutano wa mtaa ulinichagua kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nasimulia tumbo langu kwa kila mtu aliyeleta nguo. Kazi hiyo ni ya kupita kaya kwa kaya na daftari: chanjo, wajawazito, vyandarua. Tumbo halikuwa na safu yake kwenye daftari, lakini salamu za Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", zikiisha na kigoda kikitolewa, ndilo lililokuja.

Nilianza kuuliza maswali ya yule binti. Kwanza, vya mgongo. Siulizi "unatumia dawa?", nauliza "ukiumwa mgongo unafanyaje?" Hapo vibahasha vinatoka: chini ya godoro, kwenye pindo la kanga, kwenye kofia. Kijana wa bodaboda alikuwa anameza kimoja kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, hana anachoumwa, ni cha kinga, anashushia na kinywaji cha kuongeza nguvu, chakula cha kwanza saa tisa mchana. Mpagazi wa magunia alikuwa na aina mbili tofauti na hakujua kwamba zote ni jamii moja. Mjamzito mmoja alikuwa anatafuna udongo kwa ajili ya kiungulia, na huyo nilimwambia kiungulia cha mimba kina sababu yake na kliniki wana dawa salama, lakini udongo unaweza kumpa minyoo na upungufu wa damu. Alinisikiliza vizuri sana akiwa ameufumba mkononi.

Yupo mmoja ambaye sijamsahau. Mzee wa mtaa wa juu, aliwahi kuwa kuli bandarini, sigara toka ujana. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Nikaona suruali imefungwa kwa kamba, na toboo jipya kwenye mkanda ulioning'inia ukutani. Anashiba kwa kijiko cha tatu, wakasema, na siku hizi nyama inakwama. Walikuwa wameshahangaika miezi minane kwa waganga wawili na dawa za gesi zisizo na idadi. Nilimwandikia rufaa pale pale, na familia ikachukua wiki sita kutafuta nauli na kukubaliana. Ilikuwa saratani ya tumbo, imeshatambaa. Tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limemweka bakteria huyu kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani. Wengi walio naye hawafiki huko, na sigara na vyakula vya chumvi nyingi vina mchango wao. Lakini tangu mzee yule, nikisikia mtu anakonda bila sababu, chakula kinakwama, anatapika damu au choo kimekuwa lami, siulizi tena kuhusu mgongo. Nauliza nani ana simu yenye salio.

Kuhusu maji sikuwa na la kumwambia mtu. Ukimwambia mama anayenunua maji gatini kwa ndoo na kuyapandisha ngazi mia "nawa kwa maji tiririka", anakutazama tu. Tulichoweza ni dumu dogo lililotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyaga, linaning'inizwa karibu na choo. Maji yake ya lita tano yanawanawisha watu wengi kuliko beseni. Kaya zingine zimelitunza. Zingine watoto wamelifanya mpira.

Kwangu mwenyewe nilirudi kupima baada ya kumaliza dozi, safari hii kwa utaratibu: wiki nne tangu antibiotiki ya mwisho, wiki mbili bila omeprazoli maana humficha bakteria kipimo kikasoma uongo, na kipimo cha choo kikubwa badala ya damu. Kikasoma hasi. Jioni ile nilikaanga sato, nikakatia pilipili mbuzi nzima. Iliniunguza ulimi na hakuna kingine.

Kisha nikanunua vikombe sita, kila kimoja na rangi yake, na jagi la kunawishia. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu. Alivitazama vimepangwa mezani, akanitazama mimi.

"Mama Pacha, ndiyo tumeanza kuogopana?"

Nilimweleza bakteria, nikamweleza mate, nikamweleza Mwaustralia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo Mwaustralia alikuwa na mke. Halafu akachukua kikombe chake cha bati alichokuja nacho kutoka kijijini, akakisuuza kwa maji ya moto mbele yangu, akakitundika kwenye msumari wa peke yake na kutangaza kwamba hakuna atakayekigusa. Hajavunja neno hilo. Taabu ni mjukuu wake wa miaka mitatu, mwenye kikombe cha kijani kizima na kizuri: kila jioni anakaa chini ya ule msumari, anaunyooshea kidole, na kulia.